Magome juu, magome chini

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo nina karatasi. Mambo matano ya kumsaidia mtu wa mjini afurahie maisha ya kijijini Norway: kuni, giza la Desemba, majirani, haki ya kupita porini, na gari wakati wa barafu. Matano, nusu saa. Baraka, usiniharibie.

BARAKA: Mimi tena?

ZUHURA: Wewe. Tuanze na kuni, kwa sababu ya ile picha uliyonitumia Jumanne. Waambie.

BARAKA: Lori limemwaga kuni uani. Mbichi, mchanganyiko wa bjørk, ule mti wenye gome jeupe, na gran, wa jamii ya msonobari. Nikawa nazipanga, jirani akapita na mbwa wake, akasalimia. Kisha akageuza vipande vitatu, magome yakatazama juu, akaenda zake.

ZUHURA: Bila kusema kitu.

BARAKA: Yule? Kwake hiyo ni hotuba.

ZUHURA: [anacheka] Haya, na mtu anayeagiza kuni mara ya kwanza aanzie wapi?

BARAKA: Kwenye kipimo, maana hapo ndipo mtu wa mjini analiwa. Kuni huku zinauzwa kwa lita. Mfuko mdogo ni lita 40 au 60, gunia kubwa 1000 au 1500. Wewe unasoma lita 1000 unafikiria mita moja ya ujazo iliyopangwa ikapangika. Siyo. Zimerushwa tu humo ndani, katikati nafasi tupu. Ukizipanga unabaki na kama thuluthi mbili.

ZUHURA: Kumbe ni lumbesa iliyopinduliwa. Kwetu gunia linafurika juu, kwenu limejaa hewa.

BARAKA: Hasa. Wazee wana kipimo chao, favn, mita za ujazo 2.4 za kuni zilizopangwa. Kwa hiyo kabla ya bei uliza: zimerushwa au zimepangwa? Halafu urefu. Majiko mengi ya nyumbani yanataka sentimita 30. Ukiletewa za 40, kuna majiko mlango haufungi, na utarudi kwenye msumeno.

ZUHURA: Na mti gani?

BARAKA: Kwa kilo, miti yote inakaribiana: kilo moja ya kuni kavu inatoa kama kilowatisaa 4. Tofauti ni uzito. Bjørk ni nzito, gran ni nyepesi, kwa hiyo gunia la bjørk lina joto zaidi kuliko gunia la gran la lita zilezile. Gran ni nzuri ya kuwashia, na ya siku ambazo baridi haijakaza.

ZUHURA: Sasa magome.

BARAKA: Subiri, kwanza ukavu. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Wa kuchoma uwe chini ya asilimia 20. Ukichoma mbichi, joto linaishia kuchemsha maji, moshi unapanda umepoa, lami inaganda ndani ya bomba la moshi. Ikirundikana, siku moja inawaka humohumo kwenye bomba.

ZUHURA: Si kuna yule wa manispaa anayekuja kusafisha?

BARAKA: Feier. Anakuja, tozo yake unailipa kila mwaka, lakini hakai kwako. Na bjørk ina hila yake. Gome lake halipitishi maji. Ukiacha gogo zima, maji yanabaki ndani na linaoza. Nje linang'aa, ukilipasua katikati limekuwa laini kama mkate. Kwa hiyo kata wakati wa baridi, chanja kabla majira ya joto hayajaanza. Tena kuni zilizoganda zinapasuka kirahisi kuliko zilizoyeyuka.

ZUHURA: Mtu ambaye hajawahi kushika shoka anafanyaje?

BARAKA: Gogo pana la kuchanjia, halafu tairi kuukuu juu yake. Simamisha vipande ndani ya tairi, piga. Vinapasuka na kubaki palepale, huinami kila mara kuokota.

ZUHURA: Na atajuaje zimekauka?

BARAKA: Kuna kipimo cha pini mbili. Ila watu wanachoma pini kwenye ncha, na ncha ndiyo hukauka kwanza. Pasua kipande, pima katikati, upande uliofunguka sasa hivi. Huna kipimo, gonganisha vipande viwili: kavu vinalia, bichi vinatoa mlio mzito, tup. Au paka sabuni ya vyombo ncha moja ya bjørk, weka mdomo ncha nyingine, puliza. Mapovu yakitoka, hewa imepita, imekauka.

ZUHURA: Upulize kuni. Uani. Jirani anaangalia.

BARAKA: Huyo ndiye atakayekuelewa. Kupanga: weka paleti za mbao chini, kuni zisiguse ardhi. Acha kama sentimita 10 kati ya kuni na ukuta. Funika juu tu. Mtu akizungushia turubai lote, amezipika kwa mvuke, ukungu unaota.

ZUHURA: Sasa magome!

BARAKA: Chini ya paa haina tofauti. Pasipo na paa, safu ya juu kabisa magome yatazame juu, mvua iteleze.

ZUHURA: Basi jirani ana haki.

BARAKA: Vipande vyangu viko chini ya paa.

ZUHURA: [anacheka] Wenye nchi wenyewe hawajaelewana. Februari 2013 televisheni yao ya taifa, NRK, ilirusha kipindi kilichodumu saa 12 kuhusu kuni, saa nyingi moto tu unawaka. Watu wakatuma malalamiko kikiendelea: nusu wanasema magome yametazama juu mno, nusu chini mno.

BARAKA: Nilikwambia mimi hiyo!

ZUHURA: Ndiyo maana naijua. Turudi. Mtu ana zamu makao ya wazee, anarudi saa tatu usiku, wewe unamwambia achanje, apange, asubiri mwaka. Anunue kavu, basi. Akae aote moto.

BARAKA: Novemba? Kila mtu anazitaka wakati huo, na nyingi zinazoitwa kavu si kavu.

ZUHURA: Atapima. Si umetufundisha?

BARAKA: Akikuta asilimia 28? Atazianika wapi mwezi huo?

ZUHURA: Atawasha pampu ya joto.

BARAKA: Dhoruba ikikata umeme?

ZUHURA: Mifuko ya dharura ukumbini. Baraka, unatengeneza kazi halafu unaiita raha.

BARAKA: Raha ya huku ni kuwa mwaka mmoja mbele. Kuni za baridi hii ziko tayari chini ya paa, hizi za Jumanne ni za mwakani. Theluji ikianguka mapema, wewe humo.

ZUHURA: Hiyo ni raha ya mtu mwenye mgongo na Jumamosi. Kuna anayetaka dirisha na chai ya tangawizi. Huyo hajaingia kijijini?

BARAKA: Watu watamjulia wapi? Kuni zikiwa uani ndipo wanasimama.

ZUHURA: Kwenye dugnad, wanapofagia changarawe barabarani wote pamoja. Iko namba tatu kwenye karatasi yangu!

BARAKA: Hiyo ni mara moja kwa mwaka.

ZUHURA: Na wewe ulisimamiwa dakika moja, ukageuziwa kuni. Sikubali.

BARAKA: Na mimi sikubali.

ZUHURA: Haya. Zimebaki dakika nne. Kuwasha moto, upesi.

BARAKA: Washa juu. Vipande viwili vinene chini, sambamba, acha sentimita 2 katikati. Vijiti juu yake, tabaka mbili za kukatana. Kiwashio juu kabisa. Hewa wazi yote.

ZUHURA: Kwenye mafiga tunawasha chini.

BARAKA: Kwenye mafiga moshi unaenda zake. Ukiwasha chini, kuni za juu zinatoa gesi kabla hazijashika moto, unapoteza joto. Ukiwasha juu, gesi inapita kwenye ndimi za moto na kuungua. Na usibane hewa usiku ili moto ulale mpaka asubuhi. Kioo kikiwa cheusi, na bomba ni hivyohivyo. Jiko lililotengenezwa kabla ya 1998 ndilo baya zaidi, mengi hayana hewa ya pili ya kuunguza moshi.

ZUHURA: Kuna mambo manne hatujayagusa.

BARAKA: Hema lipigwe angalau mita 150 kutoka nyumba ya mtu. Umepata la porini.

ZUHURA: Hilo si somo. Mengine kipindi kijacho.

BARAKA: Na majivu?

ZUHURA: Sekunde kumi.

BARAKA: Ndoo ya bati yenye mfuniko, nje, juu ya zege, mbali na ukuta. Kaa linaweza kuwa hai siku kadhaa. Usitie kwenye mfuko wa plastiki, na usiweke kwenye ngazi za mbao, hata kama...

ZUHURA: Muda umekwisha. Tuonane wiki ijayo.