Vibonyezo Kwanza: Kumchagulia Mwanafunzi Piano ya Kidijitali ya Kubebeka

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wapenda muziki, nawashukuru kwa kuitikia mwaliko huu. Nimeombwa kuzungumzia swali ambalo kila mwalimu wa piano huulizwa na mzazi au mwanafunzi mpya, mara nyingi kabla hata ya somo la kwanza: ninunue piano ipi? Wengi wanaouliza hawana nafasi ya kuweka piano ya nyuzi nyumbani, wala hawako tayari kumwita fundi wa kuilinganisha sauti kila baada ya muda, na kwa hiyo wanatafuta piano ya kidijitali ambayo mtu mzima mmoja anaweza kuinyanyua na kuihamishia chumba kingine. Jibu langu nitalitoa mapema ili msilisubiri. Mchagulieni mwanafunzi vibonyezo kabla ya kumchagulia kitu kingine chochote. Sauti dhaifu inaweza kusaidiwa baadaye kwa spika bora au kwa kuunganisha ala na kompyuta, pedali inaweza kubadilishwa, na stendi nyingine inaweza kununuliwa. Lakini vibonyezo vilivyokuja na ala ndivyo vitakavyofundisha vidole kwa muda wote ambao ala hiyo itatumika.

Sababu yake imo katika namna piano yenyewe inavyofanya kazi. Bartolomeo Cristofori, fundi wa ala aliyeajiriwa na ukoo wa Medici mjini Florence, alitengeneza piano za kwanza karibu na mwaka 1700. Vinanda vilivyokuwa vikitumika sana wakati huo vilidonoa nyuzi, na hata mpigaji akibonyeza kwa nguvu au kwa upole, ukubwa wa sauti haukubadilika kwa kiasi cha maana. Cristofori aliweka nyundo ndogo ambayo hurushwa kuelekea kwenye uzi, huugonga, kisha huanguka mara moja ili uzi ubaki huru kulia. Tangu hapo kasi ya kidole ndiyo ikawa mwamuzi wa ukubwa wa sauti, na ufundi wote wa mpigaji piano, kuanzia mnong'ono hadi ngurumo, umejengwa juu ya kuitawala kasi hiyo. Ukinzani tunaouhisi kwenye vidole ni uzito wa nyundo na mitambo inayoirusha. Nyundo za noti nzito za mkono wa kushoto ni kubwa kuliko zile za noti nyembamba za kulia, na ndiyo maana vibonyezo vya chini ni vizito kidogo kuliko vya juu.

Piano ya kidijitali haina nyuzi za kugongwa, lakini iliyotengenezwa kwa uangalifu huwa na nyundo au vipande vya uzito ndani yake, kimoja kwa kila kibonyezo, navyo hupungua uzito kadiri mkono unavyokwenda kulia. Kibodi nyepesi hutumia springi tu. Tofauti kati ya hizi mbili si ndogo, ingawa dukani zinaweza kufanana kwa macho. Springi hukinza zaidi kadiri kibonyezo kinavyoshuka, ilhali nyundo hukinza mwanzoni, wakati inapoanza kusogea, kisha ikishapata mwendo huendelea kwa uzito wake yenyewe. Kidole kilichozoea springi hujifunza kusukuma hadi chini. Kidole kilichozoea nyundo hujifunza kuurusha uzito na kupumzika, na hili la pili ndilo linalohitajika kwenye piano halisi. Mwanafunzi aliyeanza kwenye springi akikalia piano ya nyuzi, noti zake za taratibu mara nyingi hazilii kabisa, kwa sababu nyundo haikupata kasi ya kuufikia uzi, na mikono yake huchoka mapema. Kuiacha tabia hiyo huchukua muda mrefu kuliko kuijenga.

Chini ya kila kibonyezo kuna vihisi viwili, na katika ala nyingine vitatu. Ala haipimi nguvu ya kidole, bali hupima muda unaopita kati ya kibonyezo kupita kihisi kimoja na kupita kinachofuata. Muda ukiwa mfupi, ala huelewa kwamba kidole kilikwenda kasi na kutoa sauti kubwa. Kasi hiyo hugeuzwa kuwa namba kati ya 1 na 127, kwa mujibu wa kanuni za MIDI, yaani lugha ya pamoja ya ala za muziki za kielektroniki, zilizoanza kutumika mwaka 1983, na ndiyo maana piano ya leo inaweza kuzungumza na kompyuta au simu ya kampuni yoyote. Kihisi cha tatu humwezesha mpigaji kurudia noti ileile kabla kibonyezo hakijarudi juu kabisa. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hilo si jambo la kumkosesha usingizi, lakini ala yenye vihisi vitatu ikiwa inapatikana kwa bei ileile, ichukueni.

Sasa kuhusu idadi. Piano kamili ina vibonyezo 88, 52 vyeupe na 36 vyeusi. Ala nyingi za bei nafuu zina 61, yaani oktava tano, ambapo oktava ni umbali wa vibonyezo 12 kutoka noti moja hadi inayofuata yenye jina lilelile. Huwa nasikia hoja kwamba Mozart mwenyewe alitumia piano ya oktava tano, na ni kweli, ila oktava zake tano zilianzia kwenye noti ya F iliyo chini zaidi, wakati kibodi ya kawaida ya vibonyezo 61 huanzia kwenye C iliyo juu ya F hiyo. Matokeo yake ni kwamba hata vipande vya zama za Mozart huweza kumwishia mwanafunzi vibonyezo upande wa kushoto. Vitabu vya mwanzo havifiki mbali, na kwa miezi ya kwanza 61 vinatosha. Lakini ukinunua ala kwa nia ya kuitumia kwa miaka, nunua yenye 88. Pale ambapo nafasi ni finyu mno kuna ala za vibonyezo 73 au 76, na hapa nitasema wazi ninavyoona: afadhali vibonyezo 73 vyenye nyundo kuliko 88 vya springi.

Kuhusu sauti nitapita haraka, kwa kuwa matangazo hulipa jambo hili uzito usiolistahili. Ala yenye milio mia kadhaa haimfundishi mtu piano. Mwanafunzi anahitaji mlio mmoja wa piano uliorekodiwa vizuri, unaobadilika kwa tabia na si kwa ukubwa tu pale anapobonyeza kwa nguvu. Ipo pia namba inayoonyesha ni sauti ngapi zinaweza kulia kwa pamoja. Vidole ni kumi, na mtu anaweza kushangaa kwa nini 64 ziitwe chache. Lakini pedali ikikanyagwa noti za zamani huendelea kulia huku mpya zikiongezeka, na mlio uliorekodiwa kwa njia mbili, ya kushoto na ya kulia, unaweza kutumia nafasi mbili kwa kila noti. Namba hiyo ikizidiwa, noti za zamani hukatwa kimyakimya. Yamaha P-45 ina 64, Roland FP-10 ina 96, Casio PX-S1000 ina 192, na zote tatu zina vibonyezo 88 vyenye nyundo na zinamfaa anayeanza. 64 zinatosha kwa hatua za awali, na tofauti hiyo isiwe sababu ya kukataa vibonyezo vilivyo bora.

Uzito nao una ukweli wake. Hizo tatu nilizozitaja zina uzito wa kilo 11 na ushei hadi kilo 12 na ushei, na urefu wa karibu sentimita 130. Huo ni uzito wa kubebeka kutoka chumba hadi chumba au kupakiwa garini, si wa kutembea nao safari ndefu begani. Ala ya urefu kama huo yenye kilo sita au saba kwa kawaida imeupata wepesi wake kwa kuacha nyundo, na mnunuzi ajue ni kitu gani alichokitoa. Zaidi ya hayo, pimeni mahali itakapokaa. Piano inayolazimika kurudishwa kwenye begi kila jioni hupigwa mara chache sana kuliko ile iliyo wazi juu ya stendi, ambayo mtoto akipita anaweza kukaa na kupiga kwa dakika tano. Nimeliona hili kwa wanafunzi wangu wengi, na naamini dakika hizo tano zisizopangwa zina faida kubwa.

Stendi na kiti huwa vinasahaulika, kisha vinanunuliwa kwa pesa zilizobaki. Stendi ya miguu iliyopishana kama alama ya kuzidisha ni nyepesi na hukunjika, lakini zile dhaifu hutikisika mara mkono unapopiga kwa nguvu, na miguu yake iliyopishana huyazuia magoti ya mpigaji. Stendi ya miguu minne, au ile ya mbao iliyotengenezwa kwa ajili ya ala yenyewe, humpa mpigaji utulivu. Uso wa vibonyezo vyeupe uwe takriban sentimita 72 hadi 74 kutoka sakafuni, na kiti kirekebishwe mpaka kiwiko kiwe sawa na vibonyezo au juu yake kidogo, mabega yakiwa yametulia. Mtoto ambaye miguu yake haifiki chini awekewe kibao cha kuikanyagia. Akining'iniza miguu mgongo wake hulegea, na mikono huufuata.

Pedali inayokuja ndani ya boksi mara nyingi ni kipande kidogo cha plastiki, mfano wa swichi, kinachoteleza sakafuni na kinachojua mambo mawili tu, kuwaka na kuzima. Kwenye piano halisi pedali ya kulia huinua vizuizi vinavyoziba nyuzi, na mguu unaweza kuviinua nusu, hata robo, ili sauti ijae bila kuchafuka. Mnapochagua ala, ulizeni kama inaikubali pedali inayotambua nusu, hata kama hamtainunua siku hiyo. Ikitokea pedali mpya ikafanya kazi kinyume, sauti ikaendelea mguu ukiwa juu na kukatika ukikanyaga, si lazima iwe mbovu: zimeni ala, chomekeni pedali, kisha iwasheni bila kuikanyaga, kwa kuwa ala nyingi huisoma hali ya pedali wakati wa kuwashwa.

Hedifoni ni neema kwa wanaoishi karibu na wengine, lakini ziwe za waya. Hedifoni za Bluetooth huchelewesha sauti, na kuchelewa ambako hakuonekani mtu anaposikiliza muziki humvuruga mpigaji kwa kuwa kidole na sikio havikutani. Angalieni pia tundu la hedifoni. Ala nyingine zina lile kubwa la milimita 6.3, nyingine lile dogo la 3.5, na kiunganishi cha kubadilisha huuzwa kando. Wala msidhani hedifoni huleta ukimya kamili, kwani vibonyezo vyenye nyundo hugonga, na kishindo hicho hupenya sakafuni hadi kwa jirani wa chini. Zulia nene chini ya stendi husaidia.

Mkifika dukani hamhitaji kujua wimbo wowote. Kaeni, msisimame. Bonyezeni kibonyezo kimoja cha katikati polepole sana, kisha kwa upole, kisha kwa nguvu, na msikilize kama sauti inapanda ngazi nyingi au inaruka kutoka ndogo hadi kubwa. Halafu fanyeni jaribio ambalo wanunuzi wachache hulifanya: bonyezeni kibonyezo cheupe kwenye ncha yake ya mbele, kisha ndani kabisa, kati ya vile vyeusi. Ala za kubebeka hufupisha shina la kibonyezo lililofichika ndani ya boksi ili umbo lote liwe dogo, na kadiri shina linavyokuwa fupi ndivyo kule ndani kunavyokuwa kugumu kubonyeza. Mwanafunzi akianza mizani, yaani mazoezi ya kupanda na kushuka noti kwa mpangilio, zenye vibonyezo vyeusi vingi, kidole gumba chake kitafanya kazi hukohuko ndani, na ala iliyo ngumu mno hapo itamfanya aukaze mkono. Mwisho punguzeni sauti hadi sifuri na kupiga tena, ili msikie mitambo yenyewe inavyogonga.

Nimalizie na ala zilizokwisha kutumika, kwa sababu kwa wengi hiyo ndiyo njia pekee ya kuzifikia nyundo, nami naiunga mkono. Pigeni vibonyezo vyote 88, kimoja kimoja, mara moja kwa upole na mara moja kwa nguvu. Noti inayolipuka kwa sauti kubwa ingawa mmeibonyeza taratibu, au inayokataa kulia mara mojamoja, kwa kawaida ina uchafu au uchakavu kwenye mpira wa mguso ulio chini yake, ule unaopimia muda nilioueleza; fundi huweza kuusafisha au kuubadilisha. Kibonyezo kilichozama kuliko jirani zake, au kinachogonga kwa sauti kavu, kimepoteza kitambaa chake cha kuzuia mshindo au kimevunjika. Hakikisheni adapta ni ya ala hiyo, au walau volti na mpangilio wa chanya na hasi vinalingana na vilivyoandikwa nyuma ya ala. Kasoro kwenye kibonyezo kimoja au viwili ni ya kujadiliana bei. Zikienea kibodi nzima, tafuteni ala nyingine.