Mwalimu aliyetundika picha zake pamoja na za watoto

Haya, asanteni sana, shikamooni wakubwa wote, na nyie wa nyuma mkiacha kunisikia mnyooshe mkono maana hii maikrofoni mara inasikika mara inakata. Nimeombwa niongee kuhusu madarasa ya uchoraji na maonyesho ya vituo vya jamii vya Kiyahudi hapa New York, na sababu ni kwamba wengi wenu watoto mnawapeleka kuogelea huko huko, kila wiki mnapita mlango wa darasa la udongo, mnachungulia, mnaondoka. Nimekuja kuwaambia muingie. Walionisikia mwaka jana wanisamehe, kisa cha Rothko, yule mchoraji, nitakirudia na nitaendelea kukirudia mpaka kieleweke.

Historia ya vituo vyenyewe siikai sana, mnaijua. 92nd Street Y imeanza 1874 kama chama cha vijana wa Kiyahudi, Educational Alliance imeanza 1889 kule mtaa wa Lower East Side, watu wameshuka melini kutoka Ulaya Mashariki hawajui Kiingereza, wakawa wanafundishwa lugha, wanafundishwa kazi, na wanafundishwa kuchora. Na kuchora, jamani! Hakuna aliyesema kwanza washibe ndo wachore. Chaim Gross alifika hapa 1921 kijana mkimbizi wa vita, akaingia darasa hilo kama mwanafunzi, akaja kuwa mchongaji mkubwa wa mbao, na akarudi kufundisha hapo hapo miaka 50 na zaidi.

Sasa Rothko. Mnamjua kwa zile picha kubwa, mistatili ya rangi kama inaelea, moja iliuzwa mnadani 2012 karibu dola milioni 87, na kila nikimtaja mtu ananiambia hata mwanangu anaweza kuchora ile. Sawa, shikilia hapo hapo hiyo ya mwanangu anaweza, tutairudia.

Jina lake la kuzaliwa Marcus Rothkowitz, kazaliwa 1903 Dvinsk, mji ambao leo uko Latvia. Kaletwa Portland, Oregon, 1913, mtoto wa miaka 10, Kiingereza hajui, na baba yake akafariki miezi michache tu baada ya wao kufika. Mtoto huyo nyie mnamjua, wengine mnaye nyumbani kwenu sasa hivi. Akakua, akaenda chuo kikuu cha Yale, hakumaliza, akaja New York, akaanza kuchora, hela hakuna. 1929 akapata kazi ya kufundisha watoto pale Brooklyn Jewish Center, Eastern Parkway, jengo moja lina sinagogi, nyumba yao ya ibada, lina madarasa, lina ukumbi wa mazoezi na bwawa la kuogelea, na ndani yake kulikuwa na shule ya watoto inaitwa Center Academy. Amefundisha pale mpaka 1952. Zaidi ya miaka 20! Yaani hadi ile miaka ambayo mistatili yake imeshaanza kutundikwa kwenye majumba ya maonyesho bado alikuwa anarudi Brooklyn kuwapa watoto rangi na udongo.

Na darasa lake lilikuwaje? Watoto wanaingia, vifaa viko tayari mezani, wanaanza wenyewe. Hakuna sanduku kachora ubaoni waige. Hakuna ua. Yeye anapita katikati ya meza anaangalia, anamtia moyo huyu, anamuacha yule. Aliandika kwenye jarida la kituo chenyewe 1934 kwamba kuchora ni lugha ya asili ya mtu kama kuimba na kusema. Fikirieni hilo kwa watu wa kwetu, mtoto anaimba kabla hajafundishwa kuimba, na hakuna anayemkatiza kwamba sauti haijapanda sawa, lakini akishika penseli tu, watu wazima watatu wako juu ya kichwa chake.

Mimi darasa la 3 nilimchora bibi yangu akikanda mahamri. Mikono nikaifanya mikubwa, kila kiganja kama sinia. Mwalimu, shule siitaji, akachukua kalamu nyekundu akaikata ile mikono, akachora mingine midogo juu yake, akaandika "mikono haiko hivi". Lakini mimi nilikuwa nakaa sakafuni naangalia ile mikono inashuka kwenye unga kila alfajiri, kutoka pale nilipokaa mikono ya bibi ndivyo ilivyokuwa! Ilikuwa ndio kitu kikubwa kuliko vyote jikoni. Sikuchora tena mpaka nimeshakuwa mama, nimekuja huku, nimeingia darasa la udongo la watu wazima kwenye kituo kimoja cha Kiyahudi kwa sababu tu mtoto alikuwa bwawani na nje baridi. Saa nzima hakuna aliyenisahihisha. Nilirudi nyumbani nalia.

Sasa 1933. Rothko ana miaka 29, anapata maonyesho yake ya kwanza ya peke yake kwenye jumba la makumbusho la sanaa la Portland, mji aliokulia, mama yake yuko pale, ndugu wapo. Siku ya kwanza ya msanii kuonekana, si ndio siku unataka uonekane wewe? Akaenda na picha za wanafunzi wake wa Brooklyn, akazitundika kwenye maonyesho yale yale na za kwake. Watoto! Hajawatafutia kona karibu na choo, wala hajawafanyia siku ya wazazi na juisi. Jumba lile lile, maonyesho yale yale. Ndio maana nikasema ile ya mwanangu anaweza tuishikilie, maana Rothko mwenyewe angekuambia ndiyo, anaweza, sasa mbona hujaitundika?

Hapo ndipo ninapogombana na watu kila mwaka. Darasa bila maonyesho ni nusu darasa. Mtoto akitundikiwa kazi yake ukutani, na jina lake chini, na mtu asiyemjua akasimama mbele yake akaangalia, ameambiwa jambo ambalo cheti hakiwezi kumwambia. Vituo hivi vinafanya hivyo, mwisho wa muhula kazi zinawekwa kwenye ukumbi wa kuingilia au kwenye chumba cha maonyesho, za wazee wa miaka 80 na za watoto wa miaka 6. Siku ya mwisho nendeni, msipitie tu kuchukua koti.

Najua kuna mtu hapa moyoni anasema sisi kuchora viumbe kuna neno, na hata Wayahudi si wana ile amri ya kutofanya sanamu? Wanayo, na wameijadili karne kwa karne. Lakini kwenye kitabu cha Kutoka, sura ya 31, kuna Bezaleli mwana wa Uri, Mungu kamjaza hekima na ujuzi wa kufanya kazi ya dhahabu, fedha, mawe na mbao, na ndio jina lililopewa shule ya sanaa ya Jerusalem 1906. Wana pia kitu wanaita hidur mitzva, kuipamba amri, yaani kama utawasha taa basi kinara kiwe kizuri. Kwa hiyo darasani watoto wanafinyanga kinara cha Hanuka, sikukuu yao ya taa, chenye matawi 8 na la 9 la kuwashia, wanapamba mezuza, kile kikasha cha maandiko kinachowekwa mlangoni. Na sisi watu wa pwani tunauliza hilo? Milango ya Lamu, milango ya Unguja, kofia za viua, maandishi ya msikitini, hakuna sura ya mtu hata moja na hakuna anayesema si sanaa. Anayeogopa sura mwanawe achonge ua.

Na wa kusema watamgeuza mtoto dini: vituo hivi vinapokea watu wa dini zote, na Wayahudi hawana desturi ya kuzunguka kutafuta waumini. Angalieni tu ratiba ya Ijumaa jioni na Jumamosi, kuna vinavyofunga. Ada, vingi vina fomu ya kuomba kupunguziwa, iombeni msione haya.

Naonyeshwa saa. Nilitaka kueleza tanuri, kwa nini kazi nene yenye unyevu inapasuka ndani, siku nyingine. Ila hili la wazazi lazima niliseme. Muhula uliopita nilikuwa nasaidia darasani, mama mmoja wa kwetu kamkuta mwanawe anafinyanga kikombe, kimeinama, akakichukua mkononi akakinyoosha, akalainisha ukingo, kikatoka kizuri kweli. Siku ya maonyesho mtoto akapita mbele ya kikombe chake, na jina lake limeandikwa pale, hakukijua. Tukamuonyesha, akasema hicho cha mama.

Jina ni kitu kizito. Friedl Dicker-Brandeis, mwalimu Myahudi aliyefungwa na Wanazi kambini Terezín, nchi ya Cheki ya leo, alifundisha watoto kuchora kwa siri na akataka kila mtoto aandike jina lake kwenye picha. Kabla ya kupelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz 1944, alikouawa, picha zilifichwa kwenye masanduku mawili, karibu 4,500, ziko Prague mpaka leo, na watoto wengi kati ya hao hawakurudi. Siongezi neno hapo.

Basi. Picha nilizowaambia mlete, nimeona mmezileta. Tutazitundika ukuta huu wa kushoto wakati chai inaandaliwa, na mtoto mwenyewe ndiye atakayeandika jina lake, hata kama herufi zimegeuka. Ziwekeni chini, usawa wa macho ya mtoto, wakubwa tutainama. Mwenye gundi ya karatasi aje mbele.