Mji Usio na Pindo: Kuzisoma Bahasha kwa Ndani

Asalaam aleikum, wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu. Asubuhi nikipita Mkomani na mfuko huu, mzee mmoja alinisimamisha: "Mwanangu, wauza nini?" Nikamwambia siuzi, ni bahasha tupu ninazokusanya. Akaniombea dua.

Ni zile bahasha za benki na za bili: nje nyeupe, ndani zina nakshi, mara nyingi ya buluu, nyeusi au kijivu. Nakshi hiyo si urembo. Bahasha nyembamba ukiielekeza juani, maandishi ya barua hujitokeza. Mshahara wangu wa kwanza uliandikwa kwenye barua iliyotiwa katika bahasha ya kawaida. Sijaifungua, jirani keshajua nalipwa ngapi na keshakuja kukopa. Karatasi nene ingezuia, ila ni ghali na nzito. Wino kidogo watosha: mistari yake huvurugana na ya herufi, jicho likashindwa kuzitenga.

Mwanzo nilizipanga kwa rangi. Nikakosea, maana nakshi moja huja buluu nzito leo, kesho hafifu. Nikapanga kwa ukubwa. Nakshi ile ile nikaikuta kwenye bahasha ndefu ya milimita 110 kwa 220 na kwenye pana ya 162 kwa 229. Aliyenifumbua macho ni mama. Alichukua moja, akaigeuzageuza kama anayechagua leso dukani, akasema, "Hii ina mji, pindo haina."

Kweli. Leso ina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina lake, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Bahasha huchapwa karatasi ingali bapa, haijakunjwa, na nakshi hukatika popote kisu kinapopita. Ndipo ukaona bahasha mbili za bunda moja, hii ina duara nusu ukingoni, ile robo. Kwa hiyo achaneni na ukingo, tafuteni kile kipande kidogo kabisa kinachojirudia. Mimi nakiita mbegu.

Hii hapa, kwa mbali ni mkeka mtupu. Ukiweka lenzi, waona mistari mitatu mifupi imesimama, mitatu imelala, kama ukili. Mbegu nzima haizidi ukucha wa kidole cha mwisho. Sasa hii ya pili: mistari minne. Nilizikalisha pamoja miaka miwili, nikidhani ni moja!

Za mawimbi ni tele na zinachosha. Nizipendazo ni za herufi, zilizorundikwa ovyo, ukubwa wake ukikaribia ule wa barua yenyewe. Jicho linalosaka herufi hupewa herufi hadi lizame. Nyingine zina nembo ya benki iliyorudiwa mara mia. Hapo jina ndilo limekuwa mji.

Kuzifumua, tumieni mvuke wa birika. Gundi ya kulamba hulegea. Ile inayojibandika yenyewe haijali mvuke, ichaneni pembeni kwa wembe. Na msizibandike daftarini kwa uji wa unga. Mende walinilia daftari zima, wakaanzia kwenye zile adimu, kama kwamba wameelekezwa.

Imebaki hii ya kijivu, ambayo mbegu yake sijaipata. Mama pale nyuma, sogea dirishani uishike juani. Anza kuhesabu kutoka kwenye kifuniko.