Kidole juu, kidole chini: kupanda teksi Johannesburg

Ba mama, ba papa, na nyie wadogo zangu mnaofunga mizigo. Mmeniita niseme juu ya masomo ya Johannesburg. Habari za chuo mtazikuta chuoni. Mimi nitasema juu ya kufika huko chuoni, maana ndipo nilipoaibikia.

Tuanze na neno lenyewe. Kule teksi ndiyo hii tunayoita bisi: Hiace ya watu 15 hivi. Ila yule kijana wa mlangoni anayelia "Kenya, Kenya, Katuba!", akitaja mitaa yetu ya Lubumbashi, hayupo. Wewe ndiye unayeiambia gari unakokwenda, na unaiambia kwa mkono. Kidole cha shahada juu: naenda mjini. Kidole chini: naishia hapa hapa mtaani. Wa Orange Farm, kitongoji ambacho jina lake ni "shamba la machungwa", anakunja vidole kama ameshika chungwa. Mnacheka? Mwaka 2010 posta ya Afrika Kusini ilizichora alama hizo kwenye stempu.

Hayo niliyajua kabla ya kusafiri, nikajiona fundi. Asubuhi ya pili nikasimama barabarani, kidole juu kama mtoto wa darasa la kwanza anayejua jibu. Teksi ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Dereva wa tatu akapiga honi, akatikisa kichwa. Mama mmoja muuza maandazi akaacha beseni lake, akanishika mkono wa shati, akanivusha ng'ambo bila kusema neno. Kule gari zinapita kushoto, si kulia kama kwetu! Macho yangu yalikuwa yameliona jambo hilo tangu tulipovuka Kasumbalesa, mpakani kuingia Zambia. Miguu ilikuwa bado iko Katuba.

Ng'ambo nikapata gari, nikakaa mbele kando ya dereva, kiti cha heshima. Kumbe huyo wa mbele ndiye mhesabu hela. Noti zikaanza kunigonga begani kutoka nyuma, safu kwa safu, kila moja na maneno yake ya Kizulu: wangapi wanalipiwa, chenji irudi kwa nani. Nikabaki na randi mapajani kama mchuuzi aliyekimbiwa na wateja. Mzee wa nyuma yangu akazichukua zote, akagawa chenji, gari nzima ikicheka. Tangu siku hiyo nakaa safu ya pili.

Kushuka nako kuna lugha yake. Abiria husema "afta roboti", yaani baada ya roboti, na dereva anasimama. Sisi Wakongo roboti tunaijua: lile jitu la chuma lililowekwa Kinshasa mwaka 2013 kuongoza magari. Nikalitafuta jitu hilo njia panda mbili nzima. Roboti yao ni taa za barabarani tu.

Kuna pia Gautrain, treni iliyoanza 2010. Kutoka uwanja wa ndege wa OR Tambo hadi Sandton, mtaa wa matajiri, ni kama dakika 15. Unagusisha kadi, geti linafunguka, basi. Humo usile wala usitafune chingamu, utatozwa faini. Ni nzuri, ila haifiki Soweto, na wengi wenu hamtapanga Sandton.

Ndiyo, mama wa pale nyuma, nimekusikia: mwanao ashike hela ya namna gani? Hela ya teksi ashike ndogo ndogo. Akitoa noti ya randi 200 alfajiri, chenji yake itatafutwa na gari nzima, na atajua matusi ya Kizulu kabla ya salamu.