Moyamoya: Tumeukodolea Macho Moshi

Nianze na jina, maana naona limeshawachanganya baadhi yenu. Moyamoya. Sikio la Kiswahili likilisikia linakimbilia moyo. Sivyo. Kinachougua hapa ni mishipa ya ubongo. Neno ni la Kijapani, nalo husemwa kwa kitu chenye ukungu, mfano wa moshi wa sigara uliotanda hewani. Madaktari Jiro Suzuki na Akira Takaku ndio waliolieneza kwa makala yao ya mwaka 1969, ingawa Wajapani wenzao, Takeuchi na Shimizu, walikuwa wamekwisha kueleza hali hii mwaka 1957.

Tazameni picha hii ya anjiografia. Daktari amepitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa hadi shingoni, akaingiza dawa inayong'aa kwenye eksirei. Ile karotidi ya ndani, mshipa mkubwa wa shingoni unaopeleka damu kwenye ubongo, inapanda imenona vizuri, inaingia fuvuni, halafu ikifika pale inapopaswa kugawanyika matawi mawili makubwa, inakonda kama uzi. Na hapo hapo, kwenye kina cha ubongo, kuna kiwingu. Ndio moshi wenyewe.

Wahenga walisema penye moshi hapakosi moto. Ni kweli, ila sisi watu wa tiba tumeukodolea macho moshi kwa muda mrefu mno. Kile kiwingu ni vishipa vidogo ambavyo mwili umevitanua ili damu ipate njia ya uchochoroni baada ya barabara kuu kuziba. Ugonjwa uko kwenye ukuta wa ile barabara kuu. Suzuki mwenyewe aliupanga ugonjwa katika hatua sita, na katika hatua ya sita moshi hutoweka kabisa: karotidi ya ndani imekwisha kazi, ubongo unaishi kwa damu inayotoka kwenye mishipa ya nje ya fuvu. Kwa hiyo mtu akikuambia moshi umepungua, usiharakishe kumpongeza.

Vichochoro hivyo vina udhaifu wake. Kwa watu wazima vinaweza kupasuka, damu ikavuja ndani ya ubongo. Kwa watoto tatizo huwa zaidi ni upungufu wa damu, na hutokea kwa namna ya ajabu. Mtoto anapuliza uji wa moto. Ghafla kijiko kinamponyoka, mkono umelegea, anataka kusema na maneno hayatoki. Baada ya dakika chache anaendelea kula kana kwamba hakukuwa na lolote, na mzazi anadhani ni utundu. Kulia sana au kupiga filimbi huleta mambo yale yale. Sababu ni kwamba anayepumua kwa kasi hutoa kaboni dioksidi nyingi, na ikipungua kwenye damu mishipa ya ubongo husinyaa. Mwenye mishipa mizima hata hajui. Huyu damu yake ni ya kubana tayari, hana akiba.

Sasa turudi kwenye ukuta. Anjiografia inakuonyesha mwanya ambamo damu inapita, basi. MRI za kisasa, yaani picha zinazopigwa kwa sumaku, zenye uwezo wa kuonyesha ukuta wenyewe ndizo zilizobadilisha mazungumzo. Mshipa ulioziba kwa mafuta mara nyingi hunenepa upande mmoja, na kwa nje unabaki na ukubwa wake au hata kuvimba. Wa moyamoya hunywea wote, ndani na nje. Chini ya hadubini utaona tabaka la ndani limejaa seli za misuli zilizohamia huko, tabaka la kati limekuwa jembamba, na ule utando wa kunyumbuka umejikunja kama pazia. Mafuta hamna. Kunywea huko kwa nje kulikuja kuingizwa katika vigezo vya utambuzi vya Japani vilivyorekebishwa mwaka 2021, na kwa maoni yangu hilo lilichelewa.

Chanzo je? Mwaka 2011 vikundi viwili vya watafiti nchini Japani, kila kimoja kwa njia yake, vilifika kwenye jeni moja: RNF213, iliyo kwenye kromosomu ya 17. Wagonjwa wengi wa Japani wana badiliko moja la jeni hiyo, R4810K. Lakini badiliko hilo wanalo pia watu wazima wa afya, kiasi cha mmoja au wawili katika kila mia nchini humo, na walio wengi hawataugua maisha yao yote. Panya walioondolewa jeni hiyo nao hawakupata ugonjwa wenyewe. Jeni peke yake, basi, haitoshi. Inahitaji mwenzake.

Mwenzake ni nani? Mwaka 2021 ilionekana kwamba protini ya RNF213 hubandika alama kwenye bakteria aina ya Salmonella walioingia ndani ya seli, ili seli iwatambue na kuwaangamiza. Protini ya mishipa inafanya nini kwenye vita vya maambukizi? Ndiyo maana wapo wanaofikiri kwamba maambukizi, au uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili, ndiyo pigo la pili baada ya jeni. Mimi naelemea huko, ila ni dhana, na mnaonukuu msiandike zaidi ya hapo. Kumbukeni pia kwamba kusinyaa kwa namna hii huonekana kwa baadhi ya wenye selimundu, waliozaliwa na hali ya Down, na waliopigwa mionzi kichwani utotoni.

Ndiyo, dada, uliza. Anauliza kama kuna dawa ya kuufungua mshipa. Hakuna. Tunachofanya ni mchepuko: ule mshipa unaousikia ukidunda mbele ya sikio unaunganishwa na mshipa wa juu ya ubongo. Upasuaji huo ulifanywa mara ya kwanza Zürich, Uswisi, mwaka 1967, na daktari mpasuaji Yasargil. Ukifanikiwa, baada ya miezi kadhaa moshi hufifia kwa kuwa hauna kazi tena.

Swali lako la pili ni zuri zaidi: moshi ukitoweka, utajuaje kama ni mchepuko uliofanya kazi au ugonjwa uliosonga mbele? Picha ya mishipa peke yake haitakuambia. Pima mtiririko wa damu, mpe mgonjwa asetazolamidi, inayotanua mishipa, kisha upime tena. Sehemu isiyoitika, mishipa yake ilikuwa imejitanua hadi mwisho tangu mwanzo, yaani damu bado haiitoshi.