Kuhamisha Samaki na Filta ya Zamani Kwenda Tangi Jipya

Karibuni tena, wapenzi wa samaki. Leo tunahama nyumba: kutoka tangi hili la lita 80 kwenda hili la lita 240. Wanaohama ni samaki wa Ziwa Nyasa, wale wa mawemawe: hawa wa manjano, Labidochromis, na wale wa buluu wenye mistari. Wamekua, wanafukuzana kutwa, na mimi siwezi kumwangalia samaki mzuri amejibana kwenye kona kwa kukosa pa kwenda.

Tangi jipya nimeshalipanga, sitawachosha. Meza imepimwa kwa pimamaji, chini ya kioo kuna foamu nyembamba, mchanga umeoshwa mpaka maji yakatoka safi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hapo kuna kilo 240 kabla hujahesabu kioo na mawe. Kabati la televisheni halibebi mzigo huo. Twende.

Maji. Nusu ya tangi nimejaza maji ya bomba jana, nikatia dawa ya kuondoa klorini. Wengi mnaacha ndoo wazi usiku kucha, na kweli klorini ya kawaida huruka. Lakini kuna mahali maji hutiwa kloramini, na hiyo hairuki kirahisi. Tieni dawa. Wenye visima, hasa mlio karibu na bahari, pimeni chumvi kwanza. Samaki sijawalisha tangu jana, ili wasichafue ndoo njiani. Hita nimeichomoa mapema, maana ikibaki nje ya maji ikiwa ya moto, kioo chake hupasuka.

Sasa filta. Naomba utulie hapa, hata kama ulikuwa unaruka ruka video.

Hii ni filta ya nje, ya mtungi, na ndani yake kuna sponji na pete za kauri. Ule utelezi wa kahawia unaouona kwenye sponji ndio mali yenyewe. Samaki anatoa amonia, bakteria wa kwanza wanaigeuza kuwa nitriti, wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo unaipunguza kwa kubadilisha maji. Amonia na nitriti ni sumu. Filta mpya huchukua kama wiki 4 hadi 6 kupata bakteria wa kutosha, na hii tayari inao. Wanakaa wameshikamana na sponji, mawe na mchanga. Ndani ya maji yenyewe ni wachache sana. Kwa hiyo anayebeba maji yote ya zamani halafu akanunua filta mpya, amebeba maji tu.

Na kwa samaki wa Nyasa jambo hili ni zito zaidi. Maji yao yana pH ya juu (pH ni kipimo cha asidi na alkali kwenye maji), 8 na zaidi, na pH ikipanda, sehemu kubwa zaidi ya amonia inakuwa ile yenye sumu kali. Kiasi ambacho samaki wengine wangevumilia, hawa kinawachoma mashavu wanayopumulia.

Basi sikiliza: usioshe sponji kwa maji ya bomba. Klorini iliwekwa kwenye maji kuua bakteria, na haitachagua. Ikiwa chafu kupita kiasi, ikamue kidogo ndani ya ndoo ya maji ya tangi la zamani, basi. Na usiiache ikauke. Na usiiache ndani ya mtungi uliofungwa, imezimwa, saa baada ya saa, kwa sababu bakteria wanapumua. Hewa ikiisha wanakufa, na maji ya mle ndani yananuka. Hayo usiyaingize kwenye tangi. Kama kazi itapita saa moja, fungua mtungi, toa sponji, ziweke kwenye ndoo ya maji ya zamani na jiwe la hewa, lile linalotoa mapovu.

Ndiyo maana kwangu filta ni ya mwisho kutoka na ya kwanza kuingia.

Tunaendelea. Navuta maji ya zamani kwa mpira mpaka ndoo tatu zijae. Ndoo ziwe hazijawahi kuguswa na sabuni. Angalia nisishushe maji chini ya mdomo wa bomba la kunyonya, filta ikavuta hewa. Mawe nayatoa kabla ya kukamata samaki. Ukikimbizana nao kati ya mawe utawachubua bure. Kila jiwe lichungulie kwenye matundu, mara nyingi kuna mdogo amejificha.

Hebu subiri. Mdogo wangu, sogeza kamera huku. Mnaona huyu wa manjano, koo limevimba na hali chakula? Ana mayai mdomoni. Hawa hulea mdomoni kama wiki 3. Ukimtia kwenye wavu akashtuka, atayatema yote. Huyu namkinga na bakuli chini ya maji, polepole, ninamtoa pamoja na maji yake. Polepole... kioo kinarudisha mwanga, samahani, lakini yumo. Ndoo yake peke yake. Wengine kwa wavu, haraka haraka, na mfuniko juu, maana wanaruka.

Filta: chomoa umeme, funga koki za mipira yote miwili, beba. Maji ya zamani yaliyobaki nayamimina tangi jipya yachanganyike, ili pH na joto visiwashtue. Mtungi ukae chini ya usawa wa maji. Fungua koki, washa.

Haivuti. Mnasikia huo mlio? Ni hewa imekwama. Zima. Usiiache ikisaga hewa, pampu itaungua. Najaza mpira wa kunyonya kwa maji, nautikisa mtungi... mapovu hayo yanatoka... washa. Imeshika! Hapo moyo wangu unatulia.

Samaki sasa. Kila baada ya dakika chache nawaongezea kikombe cha maji mapya ndooni, halafu nawahamisha kwa wavu, maji ya ndoo namwaga. Wote waingie siku moja, na mawe yapangwe upya kabisa, ili asiwepo wa kudai hapa ni pangu. Taa zizimwe mpaka kesho. Chakula kesho, kidogo.

Wiki ya kwanza pima amonia na nitriti kila siku; zote zinatakiwa kusoma sifuri. Zikipanda, badilisha robo ya maji. Samaki wapya subiri wiki kadhaa: tangi limekuwa kubwa, lakini bakteria ni wale wale.

Tangi la zamani usiliuze. Ni zuri kwa wagonjwa na wageni, ukiliwekea sponji iliyokaa kwenye filta hii. Sponji na vipimo vya amonia ninavyo dukani. Nitumie ujumbe ukiandika urefu, upana na kimo cha tangi lako kwa sentimita, nikupe saizi inayokufaa.