Usiyale Mazoezi Yako: Mhadhara Kuhusu Kalori Tunazokula na Tunazochoma

Mheshimiwa mwenyekiti, ndugu zangu mliofika, asanteni. Nimeombwa nizungumzie namna ya kulinganisha kalori tunazokula na zile tunazochoma kwa mazoezi ili uzito upungue. Nitalisema mapema ninaloliamini, ili anayetaka kunipinga aanze kujiandaa. Watu wengi wanaofanya mazoezi kwa bidii bila kupungua hawana kasoro ya nidhamu. Wamepewa hesabu mbovu. Wameambiwa kwamba wakichoma kalori 350 wamejipatia ruhusa ya kula kalori 350 za ziada, na ruhusa hiyo ndiyo inayowaangusha.

Nisieleweke kwamba ninazipuuza kalori. Miaka ya 1890, mkemia Mmarekani Wilbur Atwater na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wesleyan walijenga chumba kidogo kilichofungwa, wakamweka mtu humo kwa siku kadhaa. Alikula humo, akalala humo, akaendesha baiskeli isiyokwenda popote, na muda wote huo joto alilotoa likapimwa pamoja na hewa aliyovuta na kutoa. Wakakuta kwamba nishati iliyoingia kwa chakula na ile iliyotoka kwa joto na kazi zinalingana. Kutokana na kazi hiyo tumerithi hesabu inayotumika mpaka leo kwenye pakiti za vyakula: gramu 1 ya wanga ina kalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9. Kalori ninayoitaja jioni hii ni hiyo ya kwenye pakiti, ambayo maabara huiita kilokalori.

Kwa hiyo kanuni yenyewe haina ubishi. Anayekula pungufu ya anachotumia, kwa muda wa kutosha, atapungua. Taabu iko kwenye kupima, na hapo ndipo ningependa tukae.

Mwili hutumia nishati kwa njia tatu. Sehemu kubwa kabisa, kwa watu wengi asilimia 60 hadi 70, huenda kwenye kuishi tu: moyo kudunda, ubongo kufanya kazi, ini na figo, joto la mwili. Kama asilimia 10 hutumika kumeng'enya chakula. Kinachobaki ndicho mwendo, na ndani ya mwendo kuna kusimama, kupanda ngazi, kufua, kuchezacheza miguu ukiwa umekaa. Saa moja ya mazoezi ni kipande tu cha hilo fungu la mwisho. Ni kipande cha thamani, nami nitakitetea baadaye, lakini ni kidogo kuliko jasho linavyotufanya tuamini.

Tuchukue mfano. Mwanamke wa miaka 35, kilo 80, urefu sentimita 162. Kuna kanuni inayotumika sana tangu 1990: uzito mara 10, jumlisha urefu mara 6.25, toa umri mara 5, kisha kwa mwanamke toa 161 na kwa mwanamume ongeza 5. Huyu wetu anapata kama kalori 1,477 akiwa amelala tu. Programu ya simu inamuuliza anajishughulisha kiasi gani. Anajibu kwamba anatembea mara kadhaa kwa wiki, basi inazidisha mara 1.375 na kumpa 2,030 kwa siku. Anaambiwa ale 1,530, abaki na nakisi ya 500 kila siku, yaani 3,500 kwa wiki. Kilo 1 ya mafuta ya mwilini ni takriban kalori 7,700, kwa hiyo anatarajia kupunguza karibu nusu kilo kila wiki. Mpaka hapa yuko sawa.

Sasa anatembea saa moja, mara 5 kwa wiki, kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa. Saa janja mkononi inamwambia: umechoma kalori 350. Programu inaziongeza kwenye chakula chake cha siku. Naye, kwa haki kabisa, anazila.

Hapo kuna makosa matatu, na yote yanaelemea upande mmoja. La kwanza, matembezi hayo yalikwishahesabiwa aliposema anatembea, ile 1.375 imeyabeba. Ameyahesabu mara mbili. La pili, mtu wa kilo 80 akitembea saa moja kwa mwendo huo hutumia kama kalori 280 kwa jumla, na katika hizo 80 angezitumia hata akiwa amekaa kwenye kiti. Ziada halisi ni kama 200. La tatu, saa yenyewe. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa 7 vya kuvaa mkononi. Mapigo ya moyo vilisoma vizuri, lakini kwenye kalori kile kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kilichofanya vibaya zaidi kilikosea kwa asilimia 93.

Kalori 350 mara 5 ni 1,750. Nusu ya nakisi yake ya wiki imekwenda, na hajavunja sharti lolote alilopewa. Imebaki nusu nyingine, yaani 250 kwa siku. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kama kalori 120. Vijiko viwili vilivyomiminwa kwa kukadiria bila kuandikwa, na nakisi imekwisha. Anapanda kwenye mizani baada ya mwezi, anakuta uzito uleule, na anaondoka akiamini mwili wake una laana.

Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu nawajua watu walioacha mazoezi kabisa baada ya mwezi wa namna hiyo. Na tusimwite mwongo. Mwaka 1992 ulichapishwa utafiti wa Marekani juu ya watu walioamini kwamba hawawezi kupungua hata wakila kidogo. Walipopimwa kwa mbinu ya maji yenye alama, ambayo huonyesha nishati mtu aliyotumia katika maisha yake ya kawaida, ilionekana walikuwa wameandika kama nusu tu ya walichokula, na kukadiria mazoezi yao kwa asilimia 51 zaidi ya hali halisi. Kasi ya miili yao ilikuwa ya kawaida. Kukadiria chakula kwa jicho ni kazi ngumu kwa kila mtu, hata kwa aliyesomea lishe.

Kuna jambo jingine ambalo mashine haiwezi kuliona. Mwili hulipiza. Uliyekimbia asubuhi, mchana unakaa zaidi, unatuma mtoto akuletee maji, unapanda lifti. Njaa nayo huongezeka, ingawa si kwa watu wote sawasawa. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo walivyowafanyia Wahadza wa Tanzania, watu wanaowinda na kukusanya chakula porini na wanaotembea sana kila siku. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, jumla ya kalori walizotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa nchi za Magharibi wanaokaa maofisini. Wataalamu bado wanajadiliana kuhusu maana ya matokeo hayo, lakini kwa mtu anayepunguza uzito fundisho ni la wazi: kalori ya ziada iliyochomwa uwanjani haionekani yote kwenye jumla ya siku.

Basi mazoezi ni ya nini? Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, maana nisingependa mtu aondoke akisema yule mzungumzaji ametukataza mazoezi.

Mtu akipungua kwa kupunguza chakula peke yake, hapotezi mafuta tu. Kiasi kinachoweza kufika robo ya uzito anaopoteza hutoka kwenye misuli na viungo vingine visivyo mafuta. Kunyanyua vyuma, kupiga pushapu, kuchuchumaa na kusimama ukiwa na mzigo, mara 2 au 3 kwa wiki, pamoja na protini ya kutosha, gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito, hupunguza sana hasara hiyo. Mizani haitakuambia. Utaiona kwenye nguo, na kwa namna unavyonyanyuka kutoka kwenye kiti. Hayo ni mbali na shinikizo la damu, sukari, usingizi na moyo, ambavyo huweza kunufaika hata kama uzito haujasogea hata gramu.

Na mazoezi ni mlinzi wa uzito uliokwishapungua. Mwaka 2016 timu ya Kevin Hall, wakati huo mtafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, iliwachunguza washindani 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito, miaka 6 baada ya shindano. Wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito, na miili yao ikiwa imepumzika ilitumia kama kalori 500 pungufu ya ilivyotarajiwa kwa ukubwa wao. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba waliofanikiwa zaidi kubaki chini ni wale walioongeza mwendo zaidi kuliko wenzao. Wakati wa kupungua, chakula ndicho kinachofanya kazi kubwa. Wakati wa kubaki ulipofika, mazoezi yanashika usukani.

Kwa hiyo ninachowashauri wanaonijia ni hiki. Chagua njia moja ya kuhesabu. Ama ujumlishe mazoezi tangu mwanzo kwenye makadirio ya siku, na usiyaongeze tena. Ama uanze na makadirio ya mtu asiyejishughulisha kabisa, kisha uongeze nusu tu ya kile mashine inachokuambia. Mimi naipendelea ya kwanza, kwa sababu haimfanyi mtu kukimbia ili ale. Nimewaona wanaorudi usiku kwenye mashine ya kukimbilia kulipia kipande cha keki, na uhusiano wa namna hiyo na chakula unaniogopesha kuliko kilo zenyewe.

Halafu acha mizani iwe hakimu wa makadirio yako, lakini mpe muda. Jipime asubuhi, kabla ya kula, baada ya kwenda haja, mara kadhaa kwa wiki, uchukue wastani. Uzito hupanda na kushuka kilo 1 au hata 2 kwa sababu ya maji na chumvi tu, na kwa wanawake mzunguko wa hedhi nao una sauti yake. Wiki ya kwanza ya kupunguza chakula huwa na mporomoko mkubwa unaofurahisha. Sehemu kubwa ni maji yanayotoka na wanga uliohifadhiwa kwenye ini na misuli. Linganisha wastani wa wiki na wiki kwa wiki 3 au 4. Wastani ukiwa haujasogea, punguza kalori 100 au 150 za chakula, au ongeza matembezi bila kuyala. Na ukishapungua kilo kadhaa, piga hesabu upya, kwa sababu mwili mdogo hutumia kidogo.

Kuna maswali mawili yameletwa mbele kwa karatasi.

La kwanza linauliza: vipi mkimbiaji wa mbio ndefu, naye asile mazoezi yake? Hapana, yeye ale. Mtu wa kilo 60 akikimbia kilomita 15 hutumia karibu kalori 900, na akijinyima kalori hizo kila mara mwili huanza kufunga huduma. Hedhi hukatika, mifupa hupata nyufa, nguvu huisha na maradhi madogo hayamwachi. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko rasmi kuhusu hali hiyo, na ikasisitiza kwamba inawapata wanaume pia. Ninayosema kuhusu nusu ya kalori za mashine ni kwa mtu wa matembezi na mazoezi ya kawaida. Na mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, au aliyewahi kuugua matatizo ya ulaji asianze nakisi yoyote bila mtaalamu wa afya.

La pili limetoka kwa mtu mwenye kisukari anayetumia insulini. Ndugu yangu, kula kidogo na kufanya mazoezi vyote viwili hushusha sukari, kwa hiyo dozi inaweza kuwa kubwa mno kwako ndani ya siku chache tu. Muone daktari wako kabla hujaanza, na wanaotumia baadhi ya vidonge kama glibenklamidi wafanye vivyo hivyo. Pima sukari kabla na baada ya mazoezi. Ukitetemeka, ukatokwa jasho la baridi au ukachanganyikiwa, au kipimo kikisoma chini ya milimoli 4 kwa lita, simama, chukua gramu 15 za sukari, upime tena baada ya dakika 15. Kalori hizo usiziandike popote.